Mkitoka Msituni, Mwaacha Nini?

Popote ulipo, iwe ni Malindi mjini, Watamu, Gede, Marafa, Ganze au Kilifi kando ya daraja, sogeza kiti karibu na redio. Leo hatuzungumzi juu ya vidonge wala sindano. Twazungumza juu ya matembezi ya marafiki, na juu ya vitu vinavyobaki nyuma matembezi yakiisha.

Vijana wetu wamezoea jambo zuri. Ikifika Idd, Pasaka, au hata Jumapili ya mwisho wa mwezi, marafiki sita saba hupatana, wakachanga nauli, wakafunga mahamri na mbaazi, wakaenda kutembea. Wengine huingia msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia kituo cha misitu cha Gede. Wengine huteremka hori ya Mida, kwenye lile daraja la mbao na kamba lililopita katikati ya mikoko. Wengine hupanda gari hadi Marafa kuona korongo la udongo mwekundu na mweupe ambalo wenyeji huliita Nyari. Mimi mtu wa afya siwezi kulaumu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Saa mbili na nusu za kutembea msituni zakutimizia hesabu hiyo kwa asubuhi moja, na bado umepumua hewa safi na kucheka na wenzako.

Basi endeni. Lakini kwanza tuelewane juu ya huko mnakokwenda.

Wengi wetu tukisikia neno msitu twafikiri ni mahali pasipo na watu. Ukitupa kitu, kimepotea. Ukijisaidia nyuma ya kichaka, yamekwisha. Arabuko-Sokoke si hivyo. Ni msitu wa kilomita mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki, na umezungukwa na vijiji pande zote. Ndani yake mna isanje, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu. Mna bundi mdogo wa Sokoke, na mna mnana wa Clarke, ndege ambaye duniani kote hapatikani isipokuwa katika kaunti yetu hii ya Kilifi. Ndovu pia wamo. Lakini mna na watu. Mama anaingia kuokota kuni zilizokauka. Kuna wanaofuga nyuki pembezoni mwa msitu, na tangu mwaka 1993 kuna wanakijiji wanaofuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wakiuza viwavi vilivyojifunga vikasafirishwa ng'ambo. Watu hawa hawaji kutembea. Wanakuja kutafuta riziki, tena wengi wao wamevaa champali, na watoto wanaowafuata mara nyingi hawana hata champali.

Ninyi mwapita Jumapili. Wao wapita Jumatatu, Jumanne, na siku zote nyingine. Hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yalipo.

Naanza na jambo ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni haja kubwa. Naomba mnisamehe walio mezani.

Pwani yetu ni nyumbani kwa minyoo ya safura. Mtu mwenye safura akijisaidia ardhini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Mayai hayo hayapendi jua kali wala ardhi iliyokauka ikapasuka. Yanapenda kivuli, joto na mchanga wenye unyevu kidogo. Sasa fikiria ile ardhi iliyo chini ya miti ya mirihi, ule mchanga mweupe laini ambao mguu huzama, umefunikwa na majani, na jua lafika kwa vipande vipande. Ukitaka kuyatengenezea mayai ya safura kitanda, huwezi kupata kitanda kizuri kuliko hicho. Kwa siku moja au mbili yanaanguliwa. Baada ya wiki moja hivi, vijinyoo visivyoonekana kwa macho vimekuwa tayari, na vyaweza kungoja hapo majuma matatu au manne.

Vinangoja nini? Vinangoja mguu. Havihitaji kidonda wala kuliwa na chakula. Vinapenya ngozi nzima ya mguu, hasa katikati ya vidole, vikaingia katika damu, vikafika mapafuni, vikapanda hadi kooni, mtu akavimeza bila kujua. Vikifika utumboni vinajishika na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana, lakini haji mmoja. Kwa mwanamume mwenye afya huenda yasionekane kwa muda mrefu. Kwa mtoto anayekula ugali na mchicha siku nyingi na nyama mara moja moja, au kwa mama mjamzito, damu hupungua hadi viganja vinakuwa vyeupe, moyo unadunda kwa kupanda mlima mdogo tu, na mtoto anasinzia darasani. Mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu akivuja damu kidogo tu wakati wa kujifungua yuko hatarini. Wakunga wanaonisikiliza wanalijua hili kuliko mimi.

Kwa hiyo unapomwona rafiki yako ananyata kuelekea kichakani hatua tano kutoka njiani, usifikiri ni jambo lake peke yake. Njia ile ile atapita mama wa kuni na mwanawe.

Serikali imekuwa ikiwapa watoto wa shule dawa za minyoo kwa mpango wa taifa ulioanza mwaka 2012, na ni mpango mzuri. Lakini ninyi wenye miaka 20 na 30 hamko shuleni. Kule Kwale, kati ya mwaka 2015 na 2017, watafiti walilinganisha vijiji. Mahali ambapo kila mtu nyumbani alipewa dawa, safura ilipungua zaidi kuliko mahali walipopewa watoto peke yao. Maana yake ni kwamba sisi watu wazima ni ghala la minyoo hii, tukitembea nayo huku na huku tukiwa wazima wa macho. Ukienda kituo cha afya uliza dawa ya minyoo. Dada mwenye mimba aulize kliniki kwanza, asinunue dukani tu.

Sasa mfanyeje? Jambo la kwanza na bora kuliko yote ni choo kabla ya njia. Mkifika kwenye lango au kituo, ulizeni choo kiko wapi, na kila mmoja aende, hata anayesema hana haja. Matembezi mengi ya huku kwetu ni ya saa mbili tatu, na mtu aliyejisaidia kabla ya kuingia anaweza kurudi salama. Mwenye tumbo la kuendesha asiingie msituni siku hiyo. Abaki nyumbani anywe maji ya chumvi na sukari, matembezi yapo wiki nyingine.

La pili, haja ikimshika mtu katikati ya msitu, na hutokea, aondoke hatua 70 kutoka njiani, na hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji yoyote, hata kidimbwi cha mvua. Asiende peke yake mbali hadi apotee. Mwenzake asimame njiani, ageuze mgongo, na waitane. Achimbe shimo la kina cha shubiri moja. Kijembe kidogo cha kupalilia chatosha, na kikundi kizima chahitaji kimoja tu. Akimaliza afukie vizuri na kukanyaga. Lakini nasema kweli, katika mchanga wetu shimo hili si dawa kamili, kwa sababu vijinyoo vya safura hujua kupanda juu mchangani. Linazuia nzi, linazuia kinyesi kusombwa na mvua, na linapunguza hatari. Haliiondoi. Ndiyo maana nimesema choo kwanza.

Karatasi za chooni zisiachwe, na zisichomwe, hasa wakati wa kaskazi majani yakiwa makavu. Moto wa karatasi hauhitaji zaidi ya upepo mmoja. Sodo na nepi za mtoto ndizo zisizofukiwa kabisa, kwa sababu wanyama huzifukua na plastiki iliyo ndani yake haiozi. Chukueni mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko kinachobana, mtie magazeti chini, na viingie humo hadi nyumbani. Mkebe huo uwe na mwenye kuubeba anayejulikana. Halafu mikono ioshwe kwa sabuni, mbali na kidimbwi, kwa maji ya chupa.

Haja ndogo je? Watu huidharau. Msikilizaji, kuna ugonjwa wa kichocho. Mayai yake hutoka na mkojo wa mgonjwa, yakifika kwenye maji baridi yaliyotulia yanaanguliwa na kuingia katika konokono wadogo, na kutoka kwa konokono yanamrudia mtu anayeingia majini kuoga, kuchota au kuvua. Mvulana anayesimama ukingoni mwa bwawa akakojolea maji huku wenzake wakicheka, ikiwa ana kichocho, na wengi wanacho bila kujua, amelitia bwawa lile ugonjwa. Maji hayo hayo yanywewa na ndovu na paa, na chura wengi wa msitu hutaga humo mvua zikinyesha. Hata sabuni na mafuta ya kujipaka, usiyaingize humo.

Kwa wasichana kuna jambo jingine, nalo nalisikia mara nyingi kliniki. Wakijua wanakwenda mahali pasipo na choo, pamoja na wavulana, hawanywi maji tangu asubuhi. Wanaona bora kiu kuliko aibu. Saa sita mchana kichwa kinauma, kizunguzungu kinaingia, na wiki inayofuata anakuja analalamika kwamba mkojo unachoma. Kosa si lake. Kosa ni la kikundi ambacho hakikupanga. Kiongozi wa matembezi akitangaza tangu mwanzo kwamba kila saa moja tutasimama dakika kumi, wanawake upande huu na wanaume upande ule, kijembe hiki hapa na mkebe huu hapa, haya yote yaisha. Mnaona vipi? Usafi wa msitu umeanza na kusema maneno machache bila kuona haya.

Nitoe kando kidogo. Mkiwa Gede, ingieni pia kwenye magofu. Mji ule wa Waswahili ulistawi kwa karne kadhaa, ukahamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu hupenda kupiga picha kwenye mlango wa kasri. Mimi napenda kumwomba mwongozaji anionyeshe vyoo vya shimo vilivyojengwa ndani ya nyumba za mawe, na visima. Wazee wale walijua kutenga mahali pa haja. Na mtu anayechora jina lake kwa msumari kwenye ukuta ule, sijui anataka nani amjue.

Tuje kwenye takataka. Hapa sitakaa sana, kwa sababu sheria imekwisha kusema. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Kwa hiyo chukua chupa ngumu ya kujaza tena, na chakula kiwe ndani ya bakuli au kikapu.

Lakini sababu ya afya ni hii. Kuna mbu wa aina nyingine, si yule wa malaria. Huyu ana madoadoa meupe miguuni, huuma mchana, na hapendi mabwawa makubwa. Anataka maji kidogo yaliyotulia ndani ya chombo, kama kopo la soda, kifuniko cha chupa, kifuu cha dafu au tairi. Anabandika mayai yake ukingoni mwa chombo, na mayai hayo yaweza kukauka miezi mingi, mvua ya kwanza ikija yanaanguliwa. Katika joto letu, baada ya siku saba hadi kumi mbu wanaruka. Huyu ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Mombasa waliugua dengi mwaka 2013 na 2014, na chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Waliougua chikungunya watakuambia jinsi viungo vilivyouma, mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati. Sasa ninyi mmekaa chini ya mti pale ukingoni mwa msitu, nyumba ziko hatua mia mbili, mmekunywa madafu na soda mkaacha vifuu na makopo. Kabla ya masika kwisha mmemzalishia jirani mbu wa kutosha. Vifuu vya madafu, ikiwa hamwezi kurudi navyo, vipasueni na kuvifunika chini ili visishike maji. Makopo yarudi nyumbani.

Na upande wa bahari, Mida na Watamu, takataka haibaki ilipotupwa. Maji yakijaa huichukua. Huko Watamu kuna shirika linalotibu kasa tangu miaka mingi, na miongoni mwa kasa wanaoletwa wagonjwa wamo waliomeza plastiki. Kasa hatofautishi karatasi ya plastiki na kiwavi cha baharini anachokula.

Maganda ya machungwa na ndizi watu husema si takataka, ni mbolea. Kwa shamba lako, sawa. Msituni ni chambo. Nyani na kima wakishajua kwamba watu ni ndizi, hawawaogopi tena. Pale magofuni Gede kima wamekwisha kuzoea wageni wanaowapa ndizi, na mtoto mdogo akishika andazi mkononi huyo ndiye anayevamiwa. Kuumwa na kima si mchezo. Jeraha la namna hiyo lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, utazame saa, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa. Kwa hiyo dada anayemrushia kima ndizi ili apate picha nzuri, mwambieni anamfundisha mnyama kumng'ata mtoto wa mtu mwingine. Kokwa za maembe na mbegu za mwarobaini pia zirudi nyumbani. Mwarobaini ni dawa uani kwako, lakini ukiingia msituni huota kwa wingi na kuwasonga miti ya asili.

Sigara sitaki kuizungumza sana, mwajua msimamo wangu. Anayevuta asivute msituni. Basi.

Sasa, haya yote mtu mmoja akiyajua na wengine sita hawayajui, yatakuwaje? Hili ndilo swali gumu. Mtu akitembea peke yake na kuona kopo lake chini, analiokota. Wakiwa saba, kila mmoja anafikiri la mwenzake. Na anayejua huogopa kuonekana mjuaji. Nawashauri mambo mawili tu.

Kwanza, mpatane mkiwa bado nyumbani, siku ile ya kuchanga nauli. Nani atabeba mkebe, nani kijembe, nani mfuko wa gunia wa takataka. Kazi ikiwa na mwenyewe haina ugomvi. Msiwe wengi mno pia. Watu 30 wanaotembea kwa mstari huacha njia ya pili na ya tatu, kwa sababu wanakwepana na kupita pembeni, na miche michanga hukanyagwa. Kama mko wengi, gawanyikeni, na mfuatane mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia ile ile iliyopo.

Pili, mtu akikosea, usimhutubie. Kijana wa watu ametupa chupa mbele ya wasichana, ukimkemea atatupa na ya pili. Sema tu, "Kaka, nipe hiyo, mimi nina nafasi kwenye gunia." Akiwa amekuzidi umri, mjomba au shemeji, okota wewe bila kusema neno, akuone. Mara ya pili atakupa mkononi. Nimeliona likifanya kazi kuliko mabango.

Kuna mahali ambapo makubaliano haya yalikuwapo kabla ya sisi kuzaliwa. Makaya ya Wamijikenda, kama Kaya Fungo ya Wagiriama, Kaya Kauma, Kaya Jibana na nyingine, yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Misitu ile ilibaki imesimama huku mashamba yakiizunguka kila upande kwa sababu ya miiko, si kwa sababu ya askari. Huingii bila ruhusa ya wazee. Hukati, huokoti, hutoki njiani, hupigi kelele. Vijana wengine husema hayo ni mambo ya kizamani. Mimi natazama kwa jicho la mtu wa afya, naona watu waliokatazwa kuchafua mahali, na mahali pakabaki safi. Mkitaka kwenda kaya, tangulizeni mtu mwenyeji azungumze na wazee siku kadhaa kabla. Mkifika, shikamoo zenu ziwe tayari, simu zikae mfukoni hadi mruhusiwe, na mkiambiwa kuna sehemu haipigwi picha, haipigwi. Kwingine mtaambiwa mvue viatu. Basi fikiria tena habari ya safura niliyoieleza, na yule ambaye angejisaidia ndani ya msitu ambao watu huingia miguu mitupu.

Maneno machache juu ya mwili wako mwenyewe. Vaa viatu vilivyofunika mguu, soksi, na suruali ndefu au leso iliyofungwa juu ya suruali. Nendeni asubuhi, saa kumi na mbili au saa moja, ndege wakiimba na jua halijawa kali. Beba maji yasiyopungua lita mbili kwa mtu. Atakayelegea kwa joto mkalisheni kivulini, mumpe maji yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Mwende na mwongozaji. Ndovu wa Arabuko ni wanyama wa porini, na mwongozaji ndiye anayejua kusoma kinyesi chao kama ni cha leo au cha juzi. Msipindue magogo wala kutia mkono kwenye mashimo, maana ndipo nyoka hupumzika. Aliyeumwa na nyoka akae kimya, avuliwe pete na bangili, mguu ufungwe kwenye kijiti usitingishike, abebwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, na msipoteze saa nzima kwa jiwe la nyoka. Mkiona kwenye njia waya wa mtego wa paa, usiuchezee. Mwambie mwongozaji, atawajulisha askari wa wanyamapori.

Mkirudi nyumbani siku ile ile, kungʼuteni nguo nje, tazameni kupe kwenye makwapa, kiunoni na nyuma ya magoti, na muoshe miguu kwa sabuni. Mmwage gunia la takataka mahali panapochukuliwa na gari la kaunti, si kando ya barabara ya Mombasa. Siku zitakazofuata, ukiwashwa sana katikati ya vidole, au ukiona mstari mwekundu unaotambaa chini ya ngozi ya mguu kama uzi uliopinda, hiyo huwa ni minyoo ya mbwa au paka, iliyoingia kutoka kwenye mchanga wa ufuoni au njiani. Ina dawa, wala haihitaji kukatwa kwa wembe. Homa ikikupata ndani ya wiki mbili, pimwa malaria, na mwambie daktari wazi kwamba ulitembea, ulitembea wapi, na lini. Wengi hukaa mbele ya daktari wakataja homa tu, wakasahau kutaja msitu.

Na yule aliyebeba mkebe safari hii, safari ijayo apumzike. Abebe mwingine. Tukutane wiki ijayo saa kama hii, msikilizaji. Kwaheri.